Maneno ya Soko la Mpanda Yanayoshikilia Rekodi Afrika

Weka rula juu ya ramani ya Afrika. Kutoka Mpanda, mkoani Katavi, Tanzania, hadi Douala, Kameruni, ni kilometa 2,600 na ushee kwa mstari ulionyooka. Kutoka Mpanda hadi Durban, Afrika Kusini, ni kilometa 2,600 na ushee vilevile. Sawa kwa sawa! Reli ya Kaliua hadi Mpanda, iliyofunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi, ina urefu wa kilometa 210. Zingehitajika reli zaidi ya 12 za namna hiyo zilizounganishwa ili kufika upande mmoja tu. Na bado muuza samaki wa Mpanda, dereva wa Douala na mama lishe wa Durban wana maneno ya nyumbani yaliyotoka tumbo moja.

Ulaya kuna familia ya lugha inayopendwa sana na wanaochimba asili za maneno, nayo ni ya Kikelti: Kiayalandi, Kiwelisi, Kibretoni na wenzao. Zilizo hai ni 6. Chukua msemaji mmoja kwa kila lugha, na wote wanaenea kwenye gari moja aina ya Noah. Lugha za Kibantu, familia ya akina Kiswahili, Kiduala na Kizulu, zinakadiriwa kuwa 500. Kwa utaratibu huohuo, stendi ya Mpanda ingepokea mabasi 9 ya viti 60, nane yakiwa yamejaa na la tisa likiwa na abiria 20. Sensa ya Uskoti ya mwaka 2011 ilihesabu watu takriban 57,000 wanaozungumza Kigaeliki. Hao wote wangekaa Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000 na nafasi zingebaki. Wasemaji wa lugha za Kibantu ni zaidi ya milioni 300. Mkoa wa Katavi, kwa sensa ya 2022, una watu 1,152,958. Ingebidi kuwe na Katavi 260 ndipo watu hao waenee.

Mashindano yaanze.

1. Herufi nyingi chini ya paa moja

Mtaalamu wa London, Malcolm Guthrie, alizigawa lugha za Kibantu katika kanda 15 na kuipa kila kanda herufi yake, kutoka A kule Kameruni hadi S kule kusini kabisa. Sasa ingia soko la Mpanda. Kibende, Kitongwe na Kisukuma wana herufi F. Kipimbwe, Kirungwa na Kifipa wana M. Kirundi, kilichokuja na wakimbizi wa Burundi wa 1972 waliopewa makazi Katumba na Mishamo na wengi wao baadaye wakawa raia, kina D pamoja na jirani yake Kiha. Kiswahili ni G. Herufi 4 kati ya 15 katika soko moja, na lugha 9 hata kabla ya kuhesabu Kikonongo cha Inyonga. Familia nzima ya Kikelti imeshapitwa hapo, na bado tuko kwenye mafungu ya dagaa.

2. Lililosafiri mbali kuliko yote: mtu

Ndani ya Kibantu hakuna mpinzani. Kiduala wanasema moto, wingi bato. Kilingala moto, bato. Kikongo muntu. Kiganda omuntu. Kikuyu mũndũ. Kichewa munthu. Kiherero, kule Namibia, omundu. Neno hili limefika pwani zote mbili za bara na likaenda kusini mpaka karibu na ncha.

Kinachonifurahisha zaidi ni mapacha. Mrundi wa Katumba anasema umuntu. Mzulu wa Durban anasema umuntu, herufi kwa herufi. Msukuma aliyeleta ng'ombe wake bonde la Mpimbwe anasema munhu. Mshona wa Harare, kilometa zaidi ya 1,200 kusini, naye anasema munhu. Msukuma na Mrundi wanakutana kila siku kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na kwa neno hili kila mmoja ana pacha wake huko mbali, si jirani yake.

Mjerumani Wilhelm Bleek alipoandika sarufi yake linganishi ya mwaka 1862, wingi wa neno hili ndio aliouchukua kuipa familia nzima jina. Kwa hiyo mtu ana medali mbili: ya safari na ya ubatizo.

3. Lisilobadilika: nyama

Miaka 4,000 hadi 5,000 hivi imepita tangu wasemaji wa Kibantu waanze kutawanyika kutoka mpakani mwa Nigeria na Kameruni. Hiyo ni zaidi ya mara 50 ya umri wa reli ya Mpanda. Katika muda wote huo sauti zimelainika, zimemezwa, zimegeuzwa. Nyama imekataa. Kiduala nyama, Kilingala nyama, Kikuyu nyama, Kishona nyama, Kiswahili nyama; Kirundi na Kizulu wameongeza irabu moja tu mbele, inyama. Maana nayo imeshika palepale: Kilingala bado kinaita mnyama na kitoweo kwa neno moja, na Kiswahili kimewatenganisha kwa silabi moja ya mbele. Kwenye bucha na kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, mzizi ni ule ule.

Wa pili kwa karibu ni mwana: Kishona mwana, Kichewa mwana, Kilingala mwana, Kirundi umwana, Kiduala muna. Hapa pia kuna ajabu la kupigiwa makofi. Kisukuma kimeigeuza m-w kuwa ng'w: ng'wana, kama katika jina la mganga maarufu Ng'wanamalundi. Kitswana cha Botswana, zaidi ya kilometa 2,000 kutoka hapa, kimefanya geuzo lile lile bila kushauriana na mtu: wao huandika ngwana, lakini mdomoni ni ng'wana kamili!

4. Fupi kuliko yote: la

Mzizi wa kula ni konsonanti moja, l. Basi. Kisukuma lya, Kirundi rya, Kishona na Kichewa dya, Kizulu dla. Wa kufa ni f: Kishona kufa, Kizulu ukufa, Kirundi gupfa. (Iangalie vizuri hiyo g ya Kirundi, tutaihitaji.)

Ufupi huu una gharama, na Kiswahili kinailipa kila siku. Tunasema analima, anapika, anauza, ku- ikiwa imeachwa nyumbani. Lakini hatusemi anala, tunasema anakula. Mkazo wa Kiswahili hupenda silabi ya pili kutoka mwisho, na kitenzi chenye silabi moja hakina pa kuubebea, hivyo ku- inabakishwa ili iubebe. Akitokea mbebaji mwingine, ku- inaondoka mara moja: simba anamla swala. Mtoto wa darasa la kwanza anaipata kanuni hii bila kufundishwa.

5. Mazito kuliko yote: ndovu na mvubu

Hifadhi ya Katavi ina kilometa za mraba 4,471. Mkoa wa Dar es Salaam ungeingia humo mara tatu na nafasi ikabaki. Humo ndimo wanamoishi washindani wa uzito.

Ndovu dume anaweza kufika tani 6, na jina lake limetembea karibu kama mtu: Kirundi inzovu, Kiganda enjovu, Kichewa njobvu, Kishona nzou, Kizulu indlovu, Kikuyu njogu, Kilingala nzoku, Kiduala njou. Ukiyapanga mstarini unaona z, j, na dl zikipokezana nafasi moja, na v, g na k zikipokezana nyingine. Kisukuma kimejitoa kikasema mhuli, na Kiswahili kimempa tembo kiti cha mbele, ingawa ndovu bado yumo.

Wa pili kwa uzito ana kisa kizuri zaidi. Kiangazi, Mto Katuma unapokauka na kubakiza madimbwi, viboko hujazana kwa mamia eneo la Ikuu, migongo imegusana, tope limewafika mapuani. Mrundi akiwatazama anasema imvubu. Mzulu naye imvubu, tena herufi kwa herufi. Kiganda envubu, Kibemba imfubu, Kichewa na Kishona mvuu, Kikuyu nguũ, Kikongo nguvu. Anayekosekana kwenye orodha ni Kiswahili, kilichounda kiboko chake peke yake. Katika mkoa wenye viboko wa kutisha kwa wingi, lugha ya taifa ndiyo iliyoachana na ukoo!

6. Tamu kuliko yote: buki

Wilaya ya Mlele, hasa Inyonga, ni nchi ya miombo na mizinga. Mzinga wa kienyeji ni gogo lililochimbwa au gome lililokunjwa, limetundikwa juu ya mti, na asali ikishakamuliwa kwenye masega husafiri kwa madumu mpaka Mpanda na mbele zaidi. Neno mzinga lenyewe ni la ukoo: Kirundi umuzinga, Kiganda omuzinga.

Sasa mtazame nyuki. Kisukuma nzuki, Kirundi inzuki, Kiganda enjuki, Kikuyu njũkĩ, Kichewa njuchi, Kishona nyuchi, Kizulu inyosi. Wazee waliotutangulia walifanya jambo la akili sana: walichukua mzizi wa nyuki, wakabadilisha kiambishi cha mbele tu, wakapata jina la anachokitengeneza. Nzuki na buki kwa Kisukuma. Inzuki na ubuki kwa Kirundi. Kibemba ubuchi. Mdudu na kazi yake katika mzizi mmoja. Kiswahili kilibaki na nyuki, lakini utamu wenyewe kikaununua kwa Waarabu: asali. Kwa maoni yangu hii ndiyo hasara kubwa kuliko zote katika orodha hii, na mtu wa Inyonga anayesema buki ameshika mali ambayo pwani iliiachia.

7. Bingwa wa kujificha: mbwa

Kirundi imbwa, Kishona imbwa, Kiherero ombwa, Kilingala mbwa, Kiduala mbo. Kisukuma mva, na hapo bado unamtambua. Kisha Kisotho cha Kaskazini wanasema mpša, na Kizulu inja. Inja! Ni mbwa yule yule: huko kusini midomo iliyokuwa ikifungwa kutamka mb ikifuatwa na w iliachia kazi, ulimi ukapanda kwenye kaakaa, na mb ikawa nj.

8. Lililotoka jasho zaidi: lima

Kizulu lima, Kisukuma lima, Kirundi rima, Kishona rima, Kikuyu rĩma. Mtenda kazi ni mkulima kwetu, umlimi kwa Mzulu, murimi kwa Mshona, omulimi kwa Mganda. Mizengo Pinda, mzaliwa wa mkoa huu na Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015, alijulikana nchi nzima kama mtoto wa mkulima. Sifa hiyo ingeeleweka Kampala, Harare na Durban karibu bila mkalimani.

9. Kongwe kuliko yote: tatu

Hili ndilo neno la fainali, na nimeliweka mwisho kwa makusudi. Kishona na Kiherero tatu, Kikuyu thatũ, Kizulu thathu, Kilingala sato, Kitswana raro, Kiduala lalo. Mpaka hapo ni mchezaji mzuri kama wengine.

Lakini Kinyamwezi na Kisukuma wanasema datu. Mmisionari Mjerumani, Edmund Dahl, akifanya kazi Unyamwezini, aligundua kwa nini: silabi mbili zikifuatana na zote zikianza na sauti kavu kama t, k au p, ya kwanza inalainishwa. Ta-tu ikawa da-tu. Mwaka 1903 mwalimu wake Carl Meinhof akaiita Kanuni ya Dahl, na inafundishwa kwa jina hilo mpaka leo. Kanuni hii iliyookotwa kwa majirani na jamaa wa Wakonongo wa Inyonga inafungua milango mbali na hapa. Kwa nini Mrundi anasema kurya na kurima, lakini gupfa? Kanuni ya Dahl. Kwa nini Wakikuyu hujiita Gĩkũyũ, kwa g mwanzoni na k katikati? Kanuni ya Dahl.

Tatu pia ina watoto. Sita kwa Kisukuma ni tandatu na kwa Kirundi gatandatu: tatu mara mbili. Nane ni nne na nne, na Kiswahili kimeitunza mpaka leo, ingawa sita, saba na tisa kimezichukua kwa Waarabu.

Kisha vunja mpaka wa Kibantu kabisa. Waigbo wa Nigeria wanasema atọ kwa tatu na anọ kwa nne. Wafulani, wafugaji waliotapakaa Sahel nzima, wanasema tati na nay. Hawa si Wabantu; ni binamu wa mbali katika ukoo mkubwa wa Niger-Kongo wenye lugha 1,500 hivi, na tatu ilikuwapo kabla ya matawi hayo kuachana. Kwa hiyo ni kongwe kuliko Kibantu chenyewe. Kutoka soko la Mpanda hadi bonde la Mto Senegali, nyumbani kwa Kifulani, ni kilometa 5,600 hivi. Hizo ni karibu reli 27 za Kaliua hadi Mpanda, na mafungu matatu ya dagaa yanahesabika kwa mzizi mmoja mwanzo wa njia na mwisho wake!