Ripota wa kigeni wa televisheni

Ripota wa kigeni wa televisheni (pia: mwandishi wa habari wa nje) ni mwandishi anayetumwa na kituo cha televisheni kuishi au kusafiri katika nchi isiyo yake ili kuwaeleza watazamaji wa kwao yanayotokea huko. Hutofautiana na mpiga picha wa shirika la habari kama Reuters, AFP au AP, ambaye picha zake huuzwa kwa vituo vingi kwa pamoja bila yeye kuonekana. Ripota huonekana mbele ya kamera, huzungumza kwa sauti yake, na huamua jambo lipi litangulie na lipi liachwe. Kwa hiyo mtazamaji hupokea vitu viwili kwa wakati mmoja: tukio lenyewe, na jinsi mgeni mmoja alivyolielewa.

Katika Afrika Mashariki kazi hii ina upande ambao mara nyingi hupitwa haraka. Karibu kila taarifa iliyotolewa kwa jina la mgeni imetegemea mwenyeji: mkalimani, dereva, mpiga picha au mtu anayejua nani wa kuombwa ruhusa.

Kabla ya televisheni

Mji wa Bagamoyo una nafasi yake katika historia hii. Mwezi Machi 1871 Henry Morton Stanley aliondoka hapo na msafara wake kwenda bara kumtafuta David Livingstone. Hakuwa mmisionari wala ofisa wa serikali. Alikuwa mwandishi wa habari aliyetumwa na gazeti la New York Herald la Marekani, ambalo lilitaka habari ya kuuza. Alimkuta Livingstone huko Ujiji mwezi Novemba mwaka uleule, lakini wasomaji walizipata habari kamili katikati ya mwaka 1872, kwa kuwa barua zilibebwa kwa miguu hadi pwani, kisha kwa meli.

Kiongozi wa askari wa msafara huo alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mdogo na kupelekwa India. Alikuwa amekwisha kusafiri bara pamoja na Richard Burton na John Speke, akizijua njia na taratibu za kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita katika nchi za watemi. Stanley alirudi akiwa na sifa duniani kote. Kazi ya Bombay inafanana sana na ile ya wenyeji wanaoongoza waripota wa leo.

Mohamed Amin

Mfano mkubwa wa mwenyeji aliyeshika kamera mwenyewe ni Mohamed Amin. Alizaliwa Eastleigh, Nairobi, mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na huko ndiko alikoanzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, mwaka 1963 kabla ya kuhamia Nairobi. Alipiga picha Zanzibar katika siku za Mapinduzi ya Januari 1964. Mwaka 1966 aliwekwa gerezani huko Zanzibar kwa takriban mwezi mmoja kwa sababu ya kazi yake. Tarehe 5 Julai 1969 alifika kwenye tukio la kupigwa risasi kwa Tom Mboya mjini Nairobi, na picha zake za Mboya akiwa anakata roho zilionyeshwa nchi nyingi.

Wakati huo picha za filamu zilipaswa kusafirishwa kwa ndege hadi London, kusafishwa, kukatwa na kuunganishwa kabla ya kutangazwa. Anayekata filamu hakuwa amefika mahali pa tukio. Maneno yaliandikwa pia na mtu mwingine, mara nyingi kutoka kwenye karatasi iliyofungwa pamoja na mkebe wa filamu. Ni muhimu kulikumbuka jambo hili, kwa sababu watu hudhani picha haiwezi kubadilishwa maana kama neno linavyoweza.

Mwezi Oktoba 1984 Amin, akifanya kazi kwa shirika la Visnews, alikwenda kaskazini mwa Ethiopia pamoja na Michael Buerk wa BBC. Taarifa yao kuhusu njaa katika kambi ya Korem ilitangazwa London tarehe 23 Oktoba na kuonyeshwa tena na mamia ya vituo duniani. Matokeo yake yalikuwa makubwa: wanamuziki wa Uingereza na Ireland walirekodi wimbo wa kuchangia fedha, na tarehe 13 Julai 1985 tamasha la Live Aid lilifanyika London na Philadelphia. Chakula kilifika, na watu walipona.

Hata hivyo taarifa hiyo imebaki ikijadiliwa. Watazamaji wengi walielewa kuwa chanzo ni ukame. Vita kati ya serikali ya Mengistu Haile Mariam na waasi wa Tigray na Eritrea, ambavyo vilizuia chakula na kuharibu kilimo, vilipata nafasi ndogo. Wenye njaa walionekana wamekaa kimya huku mgeni akiwasemea. Lawama hii ina uzito, ingawa si haki kumtwisha Amin peke yake: yeye ndiye aliyehangaika kupata ruhusa ya kufika kule wakati serikali haikutaka njaa ionekane.

Amin alipoteza mkono mwaka 1991 ghala la silaha lilipolipuka Addis Ababa, akarudi kazini akiwa na mkono wa bandia. Alifariki tarehe 23 Novemba 1996 katika ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazidja, Komoro. Mtalii aliyekuwa ufukweni alikuwa na kamera ya video, na picha zake ndizo zilizoonyeshwa na televisheni za dunia.

Kinachoonekana na kisichoonekana

Idadi ya waripota ni ndogo kuliko matukio, hivyo mahali walipo huamua mengi. Mauaji ya kimbari ya Rwanda yalipoanza Aprili 1994, waripota wengi waliokuwa Afrika walikuwa wamekusanyika Afrika Kusini kwa ajili ya uchaguzi uliomweka Nelson Mandela madarakani. Picha za televisheni za mauaji yenyewe ni chache mno. Baadhi zilipigwa Kigali na Nick Hughes, mpiga picha Mwingereza, akiwa juu ya jengo la shule, mbali na barabara. Mwishoni mwa Aprili takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, Tanzania, na mwezi Julai umati mkubwa zaidi ukafika Goma, ambako kipindupindu kiliua maelfu. Kamera zilifika Goma kwa wingi. Hivyo watazamaji wengi wa Ulaya na Marekani waliwaona wakimbizi, na miongoni mwao walikuwamo wauaji, kuliko walivyowaona waliouawa.

Wanaotazamwa nao wameanza kujibu. Julai 2015, kabla ya ziara ya Rais Barack Obama, CNN iliitaja Kenya kuwa kitovu cha ugaidi. Wakenya walilalamika kwa hasira na kejeli mitandaoni, na mwezi uliofuata mkuu mmoja wa kituo hicho alikwenda Nairobi kuomba radhi.

Hatari

Tarehe 12 Julai 1993 umati wenye hasira uliwaua wanahabari wanne Mogadishu, muda mfupi baada ya helikopta za Marekani kushambulia nyumba moja mjini humo. Wawili kati yao walikuwa Wakenya wa Reuters: mpiga picha Hos Maina na fundi wa sauti Anthony Macharia. Wengine walikuwa Dan Eldon, aliyekulia Nairobi, na Mjerumani Hansi Krauss wa AP. Walikwenda pale kupiga picha za waliouawa katika shambulio hilo.

Tanzania

Zanzibar ilipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994, vituo binafsi kama ITV na CTN vilipoanza. Mitambo ya zamani ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na tangu hapo king'amuzi kimekuwa kifaa cha lazima. Kwa vijiji vilivyo mbali na mitambo ya Dar es Salaam, kama Mkange, Miono na Saadani, ungo wa setilaiti ndio huleta matangazo ya uhakika.

Habari za dunia katika vituo vya ndani kwa kawaida ni picha zilizonunuliwa kwa mashirika ya nje na kusomewa maelezo ya Kiswahili. Sauti ni ya nyumbani, uchaguzi wa picha si wa nyumbani. Mwaka 2012 BBC ilianzisha Dira ya Dunia ya televisheni, iliyosomwa London na Salim Kikeke na kurushwa nchini na Star TV. Hapo waripota Waafrika walianza kuonekana wakieleza kwa Kiswahili mambo ya nchi za wengine.

Ripota wa kigeni anayekuja Tanzania huhitaji kitambulisho cha uandishi wa habari kinachotolewa na mamlaka za nchi, na akitaka kupiga picha ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, jirani na Mkange, huhitaji pia ruhusa ya TANAPA. Ni mwenyeji wake ndiye huzunguka ofisi hizo, na jina lake mara nyingi halisomwi mwishoni mwa taarifa.