UYOGA MDOGO WA KISUGULU

Mvua za mwezi wa kumi na moja zikianza, katika pori la miombo huku Katanga tunaona uyoga mdogo mweupe, mamia mahali pamoja, sawa vile mtu amemwaga vifungo vya shati. Wataalamu wanauita Termitomyces microcarpus. Jina Termitomyces lilitolewa na Mfaransa Roger Heim mwaka 1942.

Wengi wetu tunasema: «Uko karibu na kisugulu, basi ni chakula.» Mimi pia nilisema hivyo, mpaka usiku mmoja wa likizo tulipotapika nyumba nzima, isipokuwa dada yangu aliyekataa kula. Kumbe mahali peke yake hapatoshi! Uyoga wa namna nyingine unaota pale pale, nao si wa mchwa hata kidogo.

Mchwa wanafanya nini? Wanatafuna majani makavu na miti, wanajenga nayo ndani ya kisugulu shamba laini kama sifongo, na uyoga unalelewa humo. Ule mkubwa unapanda kutoka chini kwa mzizi mrefu. Huu mdogo hauna mzizi ule, sababu mchwa wenyewe wanatoa vipande vya shamba lao nje na kuvitawanya juu ya udongo. Kwa hiyo usiukate na kisu. Ng'oa mmoja polepole pamoja na udongo wake, na kwenye mguu utatafuta punje za lile shamba.

Kiisha tazama kofia. Upana wake ni sentimeta 1 mpaka 2 na nusu hivi. Katikati iko na ncha ndogo, na ukingo unapasuka. Mguu hauna pete, wala chini hakuna kikombe. Ukikuta pete ao kikombe, tupa. Laza kofia moja juu ya karatasi, funika na glasi mpaka asubuhi: unga unaobaki ni wa rangi ya waridi hafifu. Unga ukiwa wa kijani, ni uyoga mwingine, mkubwa zaidi, ambao ungali mchanga ni mweupe vilevile. Nafikiri ndio uliotutapisha sisi.

Ile habari ya kupika na kitunguu, eti kikigeuka cheusi ni sumu, ni uongo tu. Tena kuna uyoga wenye sumu ya kuua ambayo moto hauiondoi, na ugonjwa wake unaanza saa sita ao zaidi baada ya kula. Mtu akianza kutapika ao kuhara, hata kesho yake, apelekwe hospitali upesi, na mabaki ya uyoga yabebwe pamoja naye.