Jiko la mkaa chumbani: moshi umeisha, hatari bado ipo

Wadau, kwa wale wa Njombe, Makete na Mbeya, baridi ya Juni na Julai si ya kitoto. Watu wakishapika ugali, jiko lenye makaa mekundu linaingizwa chumbani, mlango na dirisha vinafungwa, wanalala. Wanasema moshi umeisha, hakuna noma.

Noma ipo. Makaa yanatoa gesi inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta inang'ang'ania kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mwili unakosa hewa huku unapumua. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Aliyelala hazisikii, anaweza kupitiliza moja kwa moja. Beseni la maji kando ya jiko halisaidii kitu, na kufungua dirisha kidogo si kinga ya uhakika.

Mbadala wa bei poa: makaa yaliyobaki yapashie maji huko huko nje. Jaza kwenye chupa ngumu isiyoyeyuka, funga kabisa, izungushie kitambaa usiungue, weka miguuni ndani ya blanketi. Vaa soksi na sweta. Unalala sakafuni? Tandika mkeka chini ya godoro. Hapo hujaongeza hata kipande cha mkaa.

Ukikuta mtu kazidiwa, fungua mlango, mtoe nje haraka, mkimbize hospitali akapewe oksijeni.

Kwenu mnajikinga vipi? Tupeni maujanja hapo chini.