Vijana wasiridhike na chai ya waheshimiwa

Aghalabu makundi ya vijana yanapoalikwa katika majengo ya Bunge la Kitaifa au ya mabunge ya kaunti, mambo huwa ni yale yale. Mheshimiwa huchelewa, akifika huwasifu wageni wake kuwa ni viongozi wa kesho, chai hunywewa, picha hupigwa, kisha kila mmoja hushika njia yake. Baada ya juma moja hakuna anayekumbuka kilichosemwa, kwa kuwa hakuna aliyekiandika.

Si kwamba sheria imewanyima vijana nafasi. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 118, inaliamuru Bunge liendeshe shughuli zake kwa uwazi na kuwashirikisha wananchi. Kifungu cha 196 kinayatwika mabunge ya kaunti wajibu uo huo. Nacho Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge, lirekebishe au lifute sheria.

Ikumbukwe kwamba ghadhabu ya Juni 25, 2024, vijana walipovamia majengo ya Bunge jijini Nairobi na baadhi ya waandamanaji wakauawa kwa risasi, haikuzuka ghafla. Walikuwa wameupinga Mswada wa Fedha kwa maneno, nao ukapitishwa siku iyo hiyo. Rais alikataa kuutia sahihi siku iliyofuata, lakini roho za watu zilikuwa zimekwisha kupotea.

Kwa hivyo nawasihi vijana wasiende kwa mheshimiwa mikono mitupu. Makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa kufika katika bunge lake kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Nendeni katika kipindi hicho mkiwa na ukurasa mmoja tu: ni zahanati gani haina dawa, ni chuo gani cha ufundi kimekwama, na ni fungu gani la fedha mnalotaka libadilishwe. Karani aipokee barua yenu na kuipiga muhuri nakala mtakayobaki nayo. Andikeni jibu la mheshimiwa pamoja na tarehe aliyoahidi. Tarehe hiyo ikifika, rudini.

Nao waheshimiwa wafahamu kwamba majengo hayo hutunzwa kwa kodi ya wananchi. Kijana anayebisha hodi hapo hakuja kuomba hisani. Yeye ni mwenye nyumba.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ahadi nayo ni mali.