Gofu: kifaa cha kunyoosha mzungusho, kununua ao kujitengenezea?

Mjini Lubumbashi, kwa wakaaji wengi neno Golf ni jina la mtaa kabla ya kuwa jina la mchezo. Lakini uwanja upo, kama ulivyo ule wa Gombe mjini Kinshasa. Wanaojifunza hapo wanakutana na tatizo lilelile linalowasumbua wachezaji wa Scotland na Florida: mpira unaondoka vizuri, kisha unapinda kulia na kupotelea kwenye majani.

Kwenye simu, matangazo ya vifaa vya mazoezi yanaahidi kumaliza tatizo hilo kwa siku chache. Kuna maduara makubwa ya plastiki, reli za kuelekeza fimbo, taa za leza na fimbo zenye bawaba. Vingi vinauzwa Ulaya, Marekani na Asia, na mtu wa Kongo anayeviagiza analipa bei ya kifaa, kisha usafirishaji, kisha ushuru. Kabla ya kutoa makuta hayo, inafaa kuelewa kifaa hicho kinafanya kazi gani, na kama kazi hiyo haiwezi kufanywa na bomba la plastiki kutoka duka la vifaa vya ujenzi.

Kwa ufupi, kifaa kizuri ni kile kinachomwonyesha mchezaji kosa lake. Kile kinachomshika mkono kinaweza kumpendeza leo na kumwacha palepale kesho.

Bapa ni nini?

Fimbo ya gofu haipandi na kushuka wima kama jembe, wala haizunguki sambamba na ardhi kama panga linalofyeka majani. Inazunguka kwa kuinama, kana kwamba inateleza juu ya ubao mkubwa ulioegemezwa mabegani mwa mchezaji. Ubao huo usioonekana ndio bapa la mzungusho. Waliosoma hesabu kwa Kifaransa wanalijua kwa jina la plan.

Picha hiyo ilienea duniani mwaka 1957, wakati Mmarekani Ben Hogan alipotoa kitabu chake Five Lessons, akisaidiwa na mwandishi Herbert Warren Wind na mchoraji Anthony Ravielli. Ravielli alimchora Hogan akiwa ametoa kichwa katika tundu la kioo kikubwa kilichoinama kutoka kwenye mpira hadi mabegani. Hogan hakuwa mtu wa nadharia tu. Mwezi wa pili mwaka 1949 gari lake liligongana na basi naye akaponea chupuchupu, lakini mwaka uliofuata alishinda mashindano ya US Open.

Wasomaji wengi walikumbuka kioo, wakasahau jambo moja aliloliandika katika kitabu hichohicho: bapa la kushuka si lile la kupanda. Kwa Hogan, fimbo inaposhuka inafuata bapa lililolala zaidi, tena lililogeuka kidogo kuelekea kulia kwa shabaha. Kwa hiyo, kifaa chenye njia moja tu ya kwenda na kurudi hakifuati hata mafundisho ya mtu ambaye jina lake hutumiwa kukiuza.

Hakuna bapa moja la watu wote

Urefu wa fimbo ndio unaamua kwanza. Fimbo ndefu kuliko zote, driver, inafikia karibu sentimita 114, na mchezaji anasimama mbali na mpira. Fimbo fupi ya kuinulia mpira karibu na shimo ina karibu sentimita 90, na mchezaji anausogelea. Ndiyo maana bapa la driver hulala, mara nyingi karibu digrii 45 hadi 50 kutoka ardhini, wakati lile la fimbo fupi za chuma husimama hadi digrii 60 na zaidi.

Mwili nao una neno lake. Mtu mrefu mwenye mikono mifupi hawezi kufuata njia ya mtu mfupi mwenye mikono mirefu. Mwaka 2005 mwalimu Mmarekani Jim Hardy aliwagawa wachezaji katika makundi mawili: wale ambao mikono yao inazunguka karibu katika bapa moja na mabega, na wale ambao mikono inapanda juu zaidi. Alionya kwamba mafundisho ya kundi moja yanaweza kumharibu mtu wa kundi lingine.

Uwanja unatoa ushahidi wake. Jim Furyk anainua fimbo wima sana, kisha anaishusha kwa kitanzi ambacho hakuna kifaa kingekikubali. Hata hivyo alishinda US Open mwaka 2003, na mwaka 2016 alimaliza mzunguko mmoja wa mashimo 18 kwa mapigo 58, kiwango ambacho hakuna aliyekuwa amekifikia katika PGA Tour. Bryson DeChambeau alikwenda upande mwingine kabisa: fimbo zake zote za chuma zina urefu mmoja ili bapa lisibadilike. Yeye alishinda US Open mwaka 2020 na mwaka 2024.

Kitu kinachowaunganisha watu hao wawili ni namna fimbo inavyofika kwenye mpira. Njia ya kupanda inaweza kutofautiana sana. Sentimita chache kabla na baada ya kugonga ndizo hazisamehi.

Hatari ya kuongozwa kila wakati

Wataalamu wa namna mwili unavyojifunza wana onyo la zamani kuhusu jambo hili. Mwaka 1984 watafiti Salmoni, Schmidt na Walter walichapisha uchambuzi unaonyesha kwamba mwanafunzi anayepewa mwongozo kila mara anafanya vizuri wakati wa mazoezi, lakini mwongozo ukiondolewa, anaweza kufanya vibaya kuliko yule aliyepewa kidogo. Ubongo unazoea kuegemea msaada na kuacha kutafuta wenyewe.

Ni sawa na mtoto anayejifunza baiskeli huku baba ameshika kiti. Anakwenda moja kwa moja, anacheka, anaamini amejua. Baba akiachilia mkono, ndipo mafunzo yanaanza.

Reli inayobana fimbo isitoke nje ni mkono wa baba. Inasaidia kwa dakika chache za mwanzo, ili mwili uonje njia mpya. Ikitumiwa mapigo mia kwa siku, inamfundisha mtu kutegemea reli.

Mambo manne ya kutazama dukani

Anayetaka kununua aulize maswali haya.

Kwanza, je, digrii zinabadilishwa? Kifaa kisichoinama kulingana na urefu wa mtu na wa fimbo kimetengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Pili, je, kinaruhusu kupiga mpira wa kweli? Maduara makubwa, kama Explanar iliyobuniwa na mwalimu Mwingereza Luther Blacklock, yanafaa kwa kuzoeza mwili njia. Lakini asiyepiga mpira hatajua kama njia hiyo imemsaidia.

Tatu, je, kinatoa habari ao kinabana? Kifaa kinachogonga, kulia ao kuanguka pale mtu anapokosea kinamwachia kazi ya kujirekebisha. Hicho ndicho cha kuchagua.

Nne, je, kikivunjika kitatengenezwa wapi? Skrubu inayopatikana Ulaya peke yake inaweza kugeuza kifaa cha bei kubwa kuwa pambo la sebuleni.

Vinne vya kujitengenezea

Cha kwanza ni katoni tupu ya chupa za maji. Inawekwa chini sambamba na mstari wa shabaha, sentimita chache ng'ambo ya mpira, upande wa mbali na miguu. Kosa la watu wengi wanaoanza ni kushusha fimbo kutoka nje kwenda ndani, na kosa hilo ndilo linalosaidia mpira kupinda kulia. Mwenye kosa hilo atagonga katoni. Asiye nalo ataiacha salama. Gharama yake ni sifuri.

Cha pili ni kijiti kinachoinama. Bomba jembamba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme, lenye urefu wa sentimita 120, linachomekwa ardhini karibu mita moja nyuma ya mpira, yaani upande wa kinyume na shabaha, na sentimita 15 hadi 20 ng'ambo ya mstari. Linaegemezwa kuelekea upande wa mchezaji, kwa mwinamo uleule wa fimbo anaposimama tayari kupiga. Fimbo ipande na kushuka chini yake. Bomba lifunikwe na povu la godoro, na mapigo ya kwanza yawe ya polepole bila mpira. Chuma cha ujenzi kisitumiwe kamwe, maana fimbo inayokwenda kasi ikikigonga, kifundo cha mkono ndicho kinalipa.

Cha tatu ni tochi mbili ndogo zilizofungwa kwenye ncha mbili za kipande cha mti cha sentimita 90, kila moja ikimulika nje. Kamba inanyooshwa sakafuni kuwa mstari wa mpira na shabaha. Mtu anashika mti katikati na kuuzungusha polepole gizani. Mikono inapopanda juu ya kiuno, mwanga wa ncha ya chini unapaswa kutembea juu ya kamba ao karibu nayo. Ukiangukia kati ya kamba na miguu, njia imesimama mno. Ukivuka kamba kwenda mbali, njia imelala mno. Zoezi hili linafanyika nyumbani jioni, hata umeme ukikatika.

Cha nne ni duara. Bomba gumu la PVC halikunjiki vizuri. Linalofaa ni lile jeusi la maji linalouzwa kwa kuviringishwa. Duara lenye kipenyo cha mita 1.6 linahitaji bomba la mita 5 hivi, na ncha zake zinaunganishwa kwa kiungio cha kawaida cha fundi bomba. Mchezaji anasimama ndani. Ukingo wa mbele unainuliwa hadi pale ambapo mpini wa fimbo unapita anaposimama tayari, na ukingo wa nyuma unashikiliwa na miti miwili mirefu.

Mwinamo unapimwa bila chombo maalumu. Ubao ulio na sentimita 50 kwa chini na 50 kwenda juu unatoa digrii 45. Sentimita 50 kwa 60 zinatoa karibu digrii 50. Sentimita 50 kwa 87 zinatoa digrii 60. Miti ya nyuma iwe na matundu kadhaa, ili duara lishushwe kwa driver na kuinuliwa kwa fimbo fupi.

Mwamuzi ni mpira

Kifaa chochote kikishatumiwa, lazima matokeo yapimwe. Simu inatosha. Iwekwe nyuma ya mchezaji kwenye mstari wa shabaha, kwa kimo cha mikono yake, na ipige video ya mwendo wa polepole. Ikiwekwa pembeni kidogo tu ya hapo, njia nzuri itaonekana mbaya na mbaya itaonekana nzuri. Ndiyo maana wengi wanarekebisha kosa ambalo halikuwepo.

Kuna jambo lingine ambalo wauza vifaa hawalisemi kwa sauti. Rada za kampuni ya TrackMan ya Denmark, iliyoanzishwa mwaka 2003, zimewathibitishia walimu kwamba mpira unaanza safari hasa kule uso wa fimbo unakotazama wakati wa kugonga. Njia ya fimbo, ikilinganishwa na uso huo, ndiyo inaamua upindaji. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na bapa safi kabisa na bado akapoteza mipira, sababu mikono yake inaacha uso wa fimbo wazi. Kabla ya kununua kifaa cha bapa, inafaa mwalimu ao mchezaji mwenye uzoefu atazame kwanza namna mtu anavyoshika fimbo. Kushika vibaya hakutibiwi na duara.

Kifaa kibaki mazoezini

Jambo la mwisho ni la kanuni. Kanuni za gofu zinazosimamiwa na R&A ya St Andrews na USGA ya Marekani haziruhusu kutumia kifaa cha mazoezi kuzungusha fimbo katikati ya mashindano. Kosa la kwanza linaleta adhabu ya mapigo mawili, ao kupoteza shimo katika mchezo wa ana kwa ana. La pili linamwondoa mtu. Mwaka 2010, chini ya kanuni za wakati ule zilizokuwa kali zaidi, Mmarekani Juli Inkster aliondolewa katika mashindano ya Safeway Classic, jimbo la Oregon, sababu tu alivisha fimbo yake uzito wa mazoezi alipokuwa anangoja zamu.

Kwa anayeanza, hesabu basi ni hii. Katoni kwanza, kisha kijiti, kisha video ya simu kila juma. Mapigo kumi na kifaa yafuatwe na kumi bila kifaa, na yale ya pili ndiyo yahesabiwe. Kama baada ya miezi miwili mpira bado unapinda, pesa zilizokuwa za duara la Ulaya zilipe masomo machache kwa mwalimu. Jicho lake litaona uso wa fimbo, miguu na mikono kwa wakati mmoja, kazi ambayo hakuna bomba linaloiweza.