BAADA YA KIHARUSI: MGONJWA ANAISHIJE?



Mzee mmoja wa upande wa Rhotia alilazwa kwetu baada ya kupooza upande wa kulia. Alikaa wodini wiki tatu, akafanyishwa mazoezi ya viungo, akaruhusiwa. Baada ya miezi minne alikuja kliniki ya presha, nasi tukampima kama tulivyofundishwa: anakula mwenyewe, anavaa mwenyewe, anakwenda chooni, anatembea kwa fimbo. Tukampa alama 18 kati ya 20, tukafurahi. Walipokuwa wanatoka, mke wake alibaki mlangoni akatuambia, "Sista, miguu mmemrudishia, asanteni. Lakini mzee wangu haongei na mtu, haendi hata kwa jirani, na hizo dawa zenu anazitupa." Kadi yetu haikuwa na mahali pa kuandika habari hiyo.

Kiharusi hutokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka, na presha ya juu ndiyo chanzo chake kikubwa. Si ugonjwa wa Ulaya tu. Watafiti waliowafuatilia wagonjwa wapya wilayani Hai na Dar es Salaam kuanzia 2003 hadi 2006 walikuta, baada ya kurekebisha tofauti za umri, wagonjwa wapatao 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000 huko Hai, na 316 Dar es Salaam. Wengi hubaki hai, na hao ndio tunaowazungumzia.

Kipimo tulichotumia kwa mzee yule huitwa Barthel, nacho kilitolewa Marekani mwaka 1965. Huuliza mambo kumi: kula, kuoga, kuvaa, kuzuia haja na mengineyo. Ni kipimo kizuri na hatukiachi, maana huonyesha kama mazoezi yanasaidia. Swali lake la kupanda ngazi hutuchekesha kidogo, kwa kuwa nyumba za vijijini kwetu hazina ghorofa. Sisi huuliza kama mgonjwa anaweza kupanda mteremko wa kutoka mtoni. Na kuchuchumaa kwenye choo cha shimo ni kazi ngumu kuliko kuketi. Hata hivyo, kipimo hiki huuliza mtu anaweza kufanya nini. Hakimwulizi mwenyewe anayaonaje maisha yake.

Kwa ajili hiyo Shirika la Afya Duniani, katika miaka ya 1990, lilitengeneza dodoso fupi la maswali 26. Mgonjwa hujibu kwa ngazi tano, kutoka vibaya sana hadi vizuri sana, kuhusu wiki mbili zilizopita: mwili wake, moyo wake, uhusiano wake na watu, na mazingira yake pamoja na fedha na usafiri. Liko jingine la maswali 36, lenye asili ya Marekani, ambalo tafsiri yake ya Kiswahili kwa Tanzania ilichapishwa mwaka 1999. La asili lilitaja mchezo wa gofu kuwa mfano wa kazi ya wastani! Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola angejibu nini hapo?

Huko Hai wagonjwa waliulizwa maswali ya namna hii, na matokeo yalitolewa mwaka 2011. Waliopata kiharusi walikuwa na hali ya chini kuliko wenzao wasiougua. Walioumia zaidi ni wenye ulemavu mkubwa wa viungo, wenye wasiwasi na sonona, na wasioshiriki tena shughuli za jamii. Muda uliopita tangu kiharusi haukuonekana kuleta tofauti. Hilo lilituchoma, kwa maana tumezoea kuwaambia ndugu, "Subirini, atazoea."

Kuuliza kwenyewe kunataka adabu. Mama mzee kutoka Endulen au Nainokanoka huenda anajua Kimaasai tu, naye huletwa na mjukuu wa kiume. Lipo swali la mambo ya unyumba. Tukimpa mjukuu alitafsiri, wote wawili watatazama chini, na jibu tutakaloandika litakuwa la uongo. Tafuteni mtu wa rika lake. Wala ndugu wasijibu kwa niaba yake kama anaweza kujibu, kwani mara nyingi huona hali ni mbaya kuliko anavyoiona mgonjwa mwenyewe. Aliyepoteza usemi lakini anaelewa, tunampangia punje tano za mahindi mezani: moja ni vibaya sana, zote tano ni vizuri sana.

Ndivyo tulivyofanya kwa mzee wetu aliporudi. Kwa mwili alisogeza punje nne. Kwa moyo alisogeza moja, akaiacha pale. Polepole tukaelewa. Mzee huyu ndiye aliyekuwa akiongoza slufay, ile sala ya wazee wa Kiiraqw, kwenye harusi na mikutano. Sasa maneno yalitoka yamepinda, na siku moja vijana walicheka. Tangu siku hiyo halali vizuri, hali vizuri, na dawa za presha za nini?

Daktari alimwanzishia matibabu ya sonona. Katekista tulimwomba Jumuiya Ndogo Ndogo ikutane nyumbani kwake badala ya kumngoja atoke, na mzee mwenzake aseme maneno ya sala huku yeye akiwa mbele na kuinua mkono wa kushoto. Ninyi mlio na mgonjwa nyumbani, mwulizeni juu ya usingizi, juu ya hamu ya kula, na ni nani aliyekuja kuongea naye juma hili. Akisema afadhali angekufa, msimkemee kwamba anakufuru. Mleteni hospitali siku hiyo hiyo.

Mzee alikuja tena baada ya miezi mitatu. Alama za Barthel zilikuwa 18, zile zile. Kwa moyo alisogeza punje tatu. Presha ilikuwa 150 kwa 90, bado iko juu kidogo, tukamwongezea dawa, na mke wake anasema safari hii anazimeza.