Taya la Karonga latukumbusha mgeni ni nani

WAFANYABIASHARA wengi wanaovuka Songwe kuja Lilongwe hupita Karonga bila kusimama. Nami nilipita hivyo niliporejea kutoka uhamishoni.

Simameni. Mjini Karonga kuna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2004, yenye mfano wa mifupa ya Malawisaurus, dinosaria aliyeishi zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Wilayani humo, huko Uraha, mwaka 1991 lilipatikana taya la miaka takriban milioni 2.4. Wataalamu walilihusisha na Homo rudolfensis, binadamu wa kale ambaye mabaki yake yapo pia Ziwa Turkana, Kenya.

Uhamishoni shuleni niliitwa mgeni. Sasa nafundisha Likuni, bado naitwa mgeni. Ndugu msomaji, wahenga hao walienea kote huko kabla Songwe haijawa mpaka. Mgeni ni nani?